Siku Tuliyoufagia Mto

Tulipoambiwa wageni wanakuja kuuangalia mto, tuliufagia.

Nacheka ninapoandika hivi, lakini ni kicheko cha mtu aliyeng'atwa na siafu katikati ya sala. Chini yake kuna hasira, na hasira hiyo sijaimaliza.

Kwetu Busunzu mgeni hakuti uchafu. Hata kama ndani hamna chumvi, mgeni akitangazwa uwanja unafagiwa, mtoto anaogeshwa, mbuzi anahamishiwa nyuma ya nyumba. Kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji alipopigiwa simu kwamba wataalamu watafika kuuchunguza mto, alifanya kile ambacho mama yangu angefanya, na mama yako pia. Aliita msaragambo. Ngoma ikipigwa ya msaragambo kila nyumba inatoa mtu na jembe, iwe ni barabara, iwe ni choo cha shule. Safari hii ilikuwa ni mto.

Mto wenyewe si mkubwa. Kiangazi unauvuka umeshika viatu mkono mmoja na simu mkono mwingine, na mazungumzo hayakatiki. Unashuka kutoka vilimani, na huko juu siku hizi kuna watu wanachimba dhahabu. Wana makarasha ya kusaga mawe, wana mialo ya kuoshea, wana zebaki ya kuikamata ile dhahabu, na wakishaosha, kinachobaki kinatuteremkia sisi. Nilipokuwa mdogo, chini ya maji ulikuwa unaona mchanga wa rangi ya sukari guru. Baada ya mialo pakawa na tope la kijivu, laini kama uji, limejilaza hasa pale mto unapopinda, jirani na bustani ya mama yangu. Ukilikanyaga linakushika kifundo cha mguu kama mtoto asiyetaka uondoke.

Basi tukalitoa. Asubuhi nzima watu walikuwa majini na majembe, makoleo na mabeseni, wanaume wakichimba, wanawake wakibeba. Mwenyekiti alikunja suruali mpaka magotini ingawa hakuingia majini, akawa anatembea ukingoni akituelekeza mahali ambapo tulikwisha kupachimba.

"Mwenyekiti, mbona suruali umeikunja bure," akasema mama mmoja. "Au unatuonyesha sisi wake za watu miguu?"

"Mama, beba tope, acha siasa."

Na tope tulilipeleka wapi? Mtu wa bondeni hatupi tope la mtoni. Bibi zetu walilitandaza kwenye matuta, na walilima mpaka wakafa na meno yao. Bustani ya mama ndiyo iliyokuwa karibu kuliko zote, kwa hiyo kila aliyechoka kupandisha mlima kwenda bustani za juu alimwaga pale. Mama alikuwa anapokea mabeseni kama mtu anayepokea mahari. Alicheka, akashukuru, akawaambia wenzake kwamba mwaka huu mchicha wake utaomba kitambulisho.

Mimi pia nilifurahi. Nina ndoto nyingi. Niliishia kidato cha pili lakini ndoto hazijawahi kuniomba cheti. Kubwa kuliko zote ilikuwa gari. Si la kutembelea, hapana, gari dogo la mizigo la kijani, la kupeleka mboga zetu Kasulu na Kibondo. Nilikuwa nimeshachagua hata upande wa kuweka picha ya kabichi. Nililitandaza lile tope kwa mikono yangu, tuta kwa tuta, nikiwa naendesha gari kichwani.

Wageni walifika wakati mto unang'aa kama sahani. Mkuu wao alikaa garini akiongea na simu. Aliyeshuka mtoni ni dada mmoja kijana, ana miwani na buti za mpira, ana boksi la barafu na mifuko ya plastiki. Walihitaji mtu wa kushika kamba ya kupimia kina, mwenyekiti akanisukuma mbele kwa sababu nilikuwa nimevaa vizuri. Yule dada alikataa koleo tulilompa. Alichota kwa kijiko cha plastiki, kijiko cha kulishia mtoto, watu wakaminya vicheko. Akachota hapa, mchanga. Akasogea kwenye kona, mchanga.

"Hapa chini hakuna tope?" akauliza.

Mwenyekiti alijibu kabla sijavuta pumzi. "Mto wetu ni msafi, dokta. Wananchi wangu wanautunza."

Na sisi sote tukatikisa vichwa kwa fahari, maana ilikuwa kweli. Migongo ilikuwa bado inatuuma kwa ukweli huo. Hakuna aliyetuambia wanatafuta nini. Mimi nilidhani wanatafuta dhahabu, nikawaonea huruma kwamba hawaipati. Wakala kuku, wakapiga picha, wakaondoka na mifuko yao ya mchanga.

Mchicha ulikuja, jamani. Majani mapana kama kiganja cha fundi seremala. Nyumbani tulikuwa na mtoto wa dada yangu, ndiyo kwanza ameanza kula. Dada anapika chakula cha kuuza Kakonko na mtoto analelewa na bibi yake. Kliniki walisema apewe mboga za majani, mama akampa kwa moyo wote: mchicha wa kuponda kwenye ugali mchana, mchicha kwenye viazi jioni. Mtoto akawa na mashavu kama mandazi. Alikuwa anafungua mdomo kabla kijiko hakijainuliwa. Nilimpenda mno, na mpaka leo nikiukumbuka ule mdomo wazi ninakosa raha.

Mvua zilipokaribia tukaitwa Kasulu kusikiliza majibu. Kijiji kiliteua mwenyekiti, na mwenyekiti akanichukua mimi kwa kuwa nilishika kamba. Nilipanda lori la mnunuzi wetu wa mboga, nikaketi juu ya mafungu yetu wenyewe kama malkia.

Ukumbi ulijaa. Mstari wa mbele alikaa bwana mmoja mwenye mialo huko vilimani, tai imemkaa vizuri. Yule mkuu aliyebaki garini ndiye aliyesoma. Akasema wamepima zebaki, risasi, aseniki na metali nyingine nzito, na kwa upande wa Busunzu viwango vyote viko chini ya kikomo. Hali ni salama. Bwana wa mialo akapiga makofi, ukumbi ukamfuata. Mwenyekiti wangu alikuwa anang'aa kama aliyepewa kikombe cha mpira.

Halafu yule mkuu akaonyesha picha ukutani, akaeleza kwa upole kabisa, kama mwalimu mwema. Alisema metali hizi hazikai majini. Maji yanapita, tope linabaki. Zinashikamana na chembe laini za tope, zinalala nalo chini, mwaka juu ya mwaka. Ndiyo maana mtaalamu akitaka kujua mto umekula nini hapimi maji, anapima tope.

Nikayakumbuka mabeseni ya siku ile. Nikanyoosha mkono, na kwa kuwa hawakuniona, nikasimama.

"Samahani, mheshimiwa. Lile tope tulilitoa."

"Mlilitoa?"

"Kabla hamjafika. Tuliusafisha mto."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mlikuwa mnakuja."

Ukumbi ulicheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama unavyomcheka mtoto aliyejipaka mafuta ya kupikia. Mwenyekiti alinivuta kitenge. Nikaendelea, nikasema limo bustanini, limo kwenye mchicha, tunakula.

Yule mkuu alitazama karatasi zake. "Sisi tumepima kilichokuwepo siku ile," akasema.

"Tunashukuru kwa mchango," akadakia aliyeongoza kikao. "Swali lingine."

Kama hujawahi kushukuriwa kwa mchango, nikueleze: ni mlango unaofungwa polepole ili usigonge pua yako. Nilikaa chini. Nilikasirika kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na sikujua nimpe nani ile hasira kwanza. Yule bwana wa mbele aliyepiga makofi, maana yeye anajua anachomwaga? Mkuu aliyeongea na simu garini, ambaye angeshuka na kutueleza kwa dakika moja tu tope lina kazi gani? Au adabu yetu hii, inayofagia ushahidi ili mgeni asione aibu?

Nje mwenyekiti alinipa yake.

"Binti, umeniaibisha mbele ya wilaya nzima."

"Mwenyekiti, mtoto anakula lile tope."

"Wamesema salama. Kwani wewe una maabara?"

"Sina."

"Basi."

Nilikuwa nimeegemea ukuta na sahani ya pilau ambayo sikuigusa, mara yule dada wa miwani akaja. Aliuliza kama ni kweli nilichosema. Nikamwambia kila kitu, mabeseni na matuta na mtoto. Alisikiliza akiwa anang'ata mdomo. Akasema siku ile aliona alama za majembe ukingoni akadhani tunachimba mchanga wa kujengea.

"Kesho asubuhi nakuletea kopo zima la hilo tope," nikasema.

"Kopo la nini?"

"La rangi. Tunalo nyumbani."

Akatabasamu kwa huzuni. "Rangi za zamani zenyewe zina risasi, mdogo wangu. Nitakuwa nimepima kopo. Na ripoti imeshatoka mikononi mwangu." Akafikiri kidogo. "Nitapita kwenu mvua zikiisha, nikienda Kakonko. Nitachukua la bustanini, na la mtoni pia, pale kwenye kona. Lakini la mtoni liwe limeletwa na mvua, limetulia lenyewe. Jembe lisiguse."

"Na sasa hivi mtoto ale au asile?"

"Bila kipimo siwezi kusema."

Naye nikamkasirikia. Alikuwa mtu mwema kuliko wote mle ndani, na bado alijificha nyuma ya neno lile lile walilojificha wenzake. Kipimo. Mtoto hangoji kipimo, mtoto anafungua mdomo.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama anamlisha. Nilimnyang'anya bakuli. Sijawahi kumnyang'anya mama yangu kitu chochote tangu nizaliwe, na nilipoona uso wake nilitamani ardhi inipokee.

"Kuna nini?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, mtoto akilia katikati yetu akiutazama ule mchicha.

"Salama amesema nani?" akauliza.

"Wataalamu."

"Na sumu amesema nani?"

"Mimi."

"Wenye shule zao wamesema salama, na wewe wa kidato cha pili unasema sumu. Nimsikilize nani?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilibeba beseni, mama. Na wewe ulilipokea."

Mama alichukua bakuli, akasonga ugali mwingine, akampa mtoto kwa maharage. Kisha akakaa na ule mchicha akaula mwenyewe, mbele yangu, tonge kwa tonge. "Mimi nimeshazaa," akasema. "Mimi siogopi." Nilitoka nje nikalia nyuma ya nyumba pamoja na mbuzi.

Ikawa hivyo msimu mzima. Mtoto hali mchicha, mama anaula, mimi siuuzi. Mnunuzi wa Kasulu alisimamisha lori, akashuka, akatazama matuta yaliyonona.

"Kwani mboga zenu zimefiwa? Mbona hazitoki?"

Nikamwambia ukweli. Alishika kiuno.

"Wewe dada, soko likianza kuuliza tope la kila fungu tutakula mawe." Akavuka kwenda kwa jirani, akanunua kwake, kwenye bustani ambayo ilipata mabeseni kutoka kona ile ile. Nililitazama lori likiondoka na lile tope letu likiwa limegeuka majani, linakwenda Kasulu, kwenye sahani za watu ambao hawakuitwa kwenye kikao chochote. Ndiyo kazi ambayo gari langu la kijani lingefanya. Tangu siku hiyo gari hilo halijanijia tena kichwani, na hilo nalo nawadai wenye mialo na wenye vipimo.

Mvua zilipokatika nilikwenda kutazama. Tope lilikuwa limerudi, kijivu, laini, limelala kwenye kona kana kwamba halijawahi kuondoka. Lilikuwa adui yangu na nilililinda kama kuku anayeatamia. Niliwafukuza watoto. Niliwafukuza bata.

Ndipo mwenyekiti akapigiwa simu kwamba yule dada mtaalamu atapita. Na ngoma ya msaragambo ikalia.

Nilikimbilia kwake. Nikamweleza tena, polepole, kwamba anachokuja kukitafuta ndicho tunachotaka kukitupa. Alinisikiliza. Si mjinga, mwenyekiti wetu. Alishusha sauti.

"Binti yangu, nimekuelewa tangu Kasulu. Lakini Busunzu imeandikwa safi. Mto ukiandikwa mchafu nani atanunua hata karanga hapa?"

Hapo ndipo nilipomaliza heshima yote niliyokuwa nimebakiza. Siku ya kwanza tulifagia kwa kutojua. Safari hii yeye alikuwa anajua.

Asubuhi yake niliingia mtoni kabla ya watu, nikasimama kwenye kona, tope likanifika katikati ya miundi. Wakaja na majembe na utani wao.

"Toka hapo, mke wa mamba."

"Akitaka kuoga si aende juu?"

"Juu kuna wachimbaji, ataolewa."

"Chimbeni kwingine kote," nikasema. "Hapa hapachimbwi."

"Kwa amri ya nani?" akauliza mwenyekiti, suruali imekunjwa.

Kijana mmoja alianza kuchimba karibu na miguu yangu, taratibu, kama anayepalilia mgomba, na nikajua hata nisipoondoka watanizunguka wamalize. Ndipo mama akateremka na beseni lake. Nilidhani amekuja kupokea.

Alifika ukingoni, akalipindua beseni, akalikalia.

"Mwenyekiti, mimi bustani yangu imejaa," akasema. "Halimwagwi hata kijiko."

"Tutalipeleka juu, mama."

"Haya, lipelekeni juu."

Watu wakautazama mlima. Walitazama mabeseni, wakatazamana. Mama yule aliyemtania mwenyekiti siku ya kwanza alikuwa wa kwanza kujitwika beseni tupu. "Mwenyekiti, wewe si umekunja suruali," akasema. "Anza wewe, sisi tutafuata." Na akaenda zake. Msaragambo haukuvunjwa na haki wala na elimu yoyote, ulivunjwa na mlima. Sijali. Lile tope lilibaki.

Yule dada alifika kesho yake na kijiko chake. Alichota kwenye kona, akachota bustanini, akaweka kwenye barafu. Alipoliona lile tope la kwenye kona alikaa muda mrefu amechuchumaa, kijiko mkononi. Mama alimngoja mwisho wa tuta, mtoto mgongoni.

"Mwanangu," akamwambia, "hili swali binti yangu alikuuliza Kasulu, ukamwambia kipimo. Mimi sikuulizi kipimo. Huyu hapa. Angekuwa wako, angekula mchicha huu?"

Yule dada alimtazama mtoto. Mtoto alifungua mdomo, akidhani ndiyo chakula.

"Asingekula," akasema. "Na wewe mama, acha kula. Mpaka nikupigie."

Hakuna aliyewahi kutujibu hivyo. Lilikuwa jibu la pumzi moja, na lingeweza kusemwa miezi yote ile, na mtu yeyote mwenye gari na miwani.

Gari lilipoondoka mama alinipa mtoto, akafunga kanga kiunoni, akaanza kung'oa mchicha. Aling'oa kwa mizizi, tuta la kwanza, tuta la pili, bila kuimba, yeye ambaye huacha kuimba akiwa amelala tu. Nikamweka mtoto kivulini nikaungana naye. Mbuzi walisogea, nikawafukuza kwa mawe. Nilibeba mzigo wa kwanza kuelekea mtoni, mama akaniita.

"Unaupeleka wapi? Utashuka kwa wenzetu."

Nikageukia kwenye shimo la mboji. Hapana, mboji ni ya mahindi. Nikafikiria kuchoma, sikujua moshi wake unabeba nini. Mama naye alikuwa amekumbatia mchicha mpaka kidevuni, unamdondokea udongo kifuani, akawa anatazama upande huu, anatazama upande ule, bustani yake, mto, nyumba, mbuzi. Akaniuliza tuuweke wapi. Tulisimama pale tumeukumbatia, na huko vilimani makarasha yalikuwa yanasaga.